Simu Iliyopita Kwenye Waya Uliokatwa

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana huko mbele hakuna pa kuchekea. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinikuta mimi, mchana kweupe, siku ya Ijumaa, Tanga mjini, miaka ile ya hamsini.

Nilikuwa karani wa simu katika kampuni moja ya mkonge. Simu zote za mashambani ziliingia kwenye ubao mmoja wenye matundu, kila tundu na kitaa chake kinachowaka simu ikiita, nami nikiziunganisha kwa mkono: nachomeka waya hapa, nachomeka pale, watu wanazungumza. Mke wangu Esta alikuwa kwenye shamba la kampuni karibu na Muheza, ana mimba pevu, ya kwanza. Tulikuwa tumekubaliana na dresa, yule mwuguzi wa zahanati ya huko: uchungu ukiharibika apige simu, nami nimpelekee Esta daktari kwa gari la kampuni.

Basi ikaletwa mashine mpya inayounganisha simu yenyewe, ikawekwa chumba cha pili. Fundi wetu, Bwana Saidi, alichagua kuiwasha Ijumaa saa ya swala, kwa kuwa simu huwa kimya. Hapo hakukosea. Lakini ilipowaka tu akashika koleo, akazikata nyaya zote za ubao wa zamani.

"Bwana Saidi," nikamwambia, "si tungeuacha kwanza, hata wiki? Hii ikigoma tutarudi wapi?"

"Nyinyi mkiachiwa cha zamani hamjifunzi kipya. Acha woga, ndugu yangu."

Usiache mbachao kwa msala upitao, nilitaka kumjibu, lakini alikwisha kutoka na koleo lake kwenda msikitini, na wenzangu wote nyuma yake. Nikabaki mimi, Mkristo mmoja, na mashine. Haikukawia ikazima. Nikainua simu hii, kimya. Ile, kimya. Nikaipiga makofi, nikaiapiza, wapi! Sasa nimfuate fundi kwenye safu ya swala nimvute kanzu?

Nilipokuwa bado nahangaika, nikasikia waya ukichomekwa kwenye chumba cha ubao wa zamani. Mlio ule nilikuwa naujua hata usingizini. Nikafungua mlango.

Niamini. Mwanamke wa buibui alikuwa amekaa kwenye kiti changu, kanipa mgongo. Chumba kile kilikuwa na mlango mmoja tu, na hakuna aliyenipita. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Mkononi ameshika waya uliokatwa, ncha yake inaning'inia hewani, haigusi kitu, na kitaa cha Muheza kinawaka!

"Kaa kitako, mwanangu," akasema bila kugeuka. "Una simu."

Nikaweka kisikilizio sikioni. Alikuwa Esta. Sauti yake mwenyewe, imetulia, haina hata kuhema.

"Mtoto ni wa kike," akasema. "Mzima. Usimwache alale na njaa."

"Esta! Na wewe je, hujambo?"

Waya ukaanguka. Kiti kitupu. Nilipiga ukelele mpaka watu wa barabarani wakaingia ofisini.

Na bado, utaamini, nilifurahi! Njia nzima ya Muheza nilikuwa namwambia dereva nimepata binti. Dresa akanipokea mlangoni, macho mekundu. Alikuwa amepiga simu akapiga tena, akitafuta daktari, na simu imekufa.

"Lakini nimezungumza na Esta," nikasema.

"Ndugu yangu, mkeo hakuinuka kitandani. Damu ilimtoka mpaka akakata roho. Nani angempeleka kwenye simu?"

Ndani, kitoto kilikuwa kinalia njaa.

Bwana Saidi alikuja msibani, akakaa kwenye mkeka siku zote za matanga bila kuniangalia usoni.

Binti yangu sasa ni mama wa watu. Hulalamika kwamba simu ikilia sipokei. Namwambia ni masikio, uzee. Si masikio. Naogopa nitamsikia mama yake, na siku nyingine naogopa kwamba sitamsikia.

Nawe unayebadilisha mitambo huko kazini kwako, badilisha, hakuna anayekukataza. Ila usikate njia ya kurudi siku ile ile. Kuna mtu upande wa pili anakupigia, na humwoni.