Bahari Niliyoipa Mgongo

Katika hii Kitutu yetu yote ya Kisii hakuna mtu ameona bahari ya Ufaransa kunishinda, na nasema hivyo bila kuomba radhi. Wako waliosoma, wenye vyeti vya kutundika ukutani, lakini bahari yao ni ya kalenda. Mimi niliacha shule darasa la sita. Nilianza kwa kubeba mikungu ya ndizi kichwani pale Masimba, na leo ukikutana na lori la ndizi likipanda kutoka Marani, usiulize ni la nani. Nimekwenda Ufaransa mara nne. Hii ya nne ndiyo imenikosesha utulivu hadi nikatafuta kalamu.

Kuna hoteli ya chai mjini Kisii ambapo mimi hukaa asubuhi na wafanyabiashara wenzangu. Nikirudi safari hawaniachi ninywe.

"Bwana mkubwa, mji gani ndio mtamu?"

"Inategemea unataka nini," huwa nawaambia. "Mkitaka kuona watu wenye pesa wamelala juu ya mawe, nendeni Nice."

"Mawe? Bahari gani haina mchanga?"

"Mawe ya mviringo kama viazi. Mtu anatandika taulo juu yake, analala, anafurahi. Ukimlaza Mkisii pale atauliza amekosa nini."

Hapo wanacheka, nami naendelea. Nawaambia juu ya Menton, mji wa mwisho kabla ya Italia, nyumba za rangi ya papai zimepandana mlimani hadi unafikiri ile ya juu imesimama mabegani mwa ile ya chini, na malimau yamening'inia nje ya kuta za watu wala hakuna anayeyachuma. Nawaambia juu ya Sète, mji wenye mifereji badala ya barabara, ambako nilikuta wanaume wazito, wenye vitambi kama changu, wamesimama juu ya mashua na mikuki mirefu wakisukumana hadi mmoja aanguke majini, na mji mzima unapiga makofi. Cassis sikuipenda kwanza, kwa sababu nilishuka kituo cha treni nikidhani bahari iko hapo nyuma, kumbe iko chini kabisa na nina sanduku mkononi. Lakini nilipofika kwenye kile kighuba kidogo chenye mashua, na ule mlima mwekundu kando, nilisamehe.

Na Marseille! Pale bandarini wanawake wanauza samaki mezani, samaki wengine bado wanaruka, na wauzaji wanapiga kelele vilevile kama wa soko letu la Daraja Mbili. Sokoni huko juu niliokota ndizi, nikaigeuza, nikasema kwa sauti, "Hii imekatwa kabla ya siku zake." Mama aliyekuwa anauza akanijibu kwa lugha ambayo nilielewa nusu. Alikuwa mtu wa Ngazija. Tulibishana juu ya hiyo ndizi kama ndugu, na mwishowe akanipa moja bure ili niondoke.

Basi asubuhi moja, mwaka huu, nilipokuwa nimefika hapo kwenye ndizi, mwenzangu mmoja mwenye duka la mbolea, mtu wa maneno machache, akaweka kikombe chini.

"Na binti yako anakaa mji gani kati ya hiyo?"

"Hakuna hata mmoja," nikasema. "Anakaa La Ciotat."

"Hiyo mbona hujawahi kutusimulia?"

Nilinyanyuka nikasema nina lori linanisubiri. Hakukuwa na lori.

Ukweli ni huu. Binti yangu wa kwanza ni muuguzi. Aliolewa na Mfaransa, fundi wa kuchomelea vyuma vya meli, kijana wa mikono, si wa maneno, na kwa hilo namheshimu. Alikuja hadi Kisii akafanya mambo ya ukoo yote sawasawa. Wanakaa ghorofa ya tatu, karibu na bandari ya La Ciotat. Safari ya kwanza nilifika bila kutoa taarifa ya saa, kwa sababu mimi si mtu wa kungojwa. Ilikuwa Agosti, joto la kuivisha ndizi mchana mmoja. Nikapanda ngazi, nikabisha. Mkwe wangu akafungua mlango akiwa na kaptura tu. Kifua wazi, mikono ameitandaza anikumbatie.

Sisi tuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni heshima na aibu kwa pamoja. Mkwe na baba mkwe hawaonani miili, hawagusani ovyo, na nilivyolelewa Birongo, baba halali chini ya paa la binti yake aliyeolewa. Sikuwaza. Miguu iliwaza. Niligeuka na sanduku langu nikashuka ngazi zote tatu, nikatafuta kituo, nikapanda treni ya kwanza iliyokuja. Ilinipeleka Marseille.

Ndivyo nilivyoanza kuijua pwani ya Ufaransa. Hiyo miji yote ninayojisifia ni miji niliyolala kwa sababu sikuweza kulala kwa mtoto wangu. Mchana nilikuwa narudi La Ciotat, naketi kwenye benchi pale bandarini, binti ananiletea ugali kwenye bakuli la kutunza joto, tunakula tukitazama mashua. Jua likianza kushuka, nasimama. Leo Cassis, kesho Nice. Nilikuwa nasema napenda kutembea.

Safari ya pili walinipeleka ufukweni. Mkwe alivua shati, akaingia majini na vazi dogo ambalo sitalieleza. Mimi niligeuza kiti changu nikaitazama barabara. Saa mbili nzima nilihesabu magari, na bahari iko nyuma yangu inapiga kelele. Watu waliokuwa wanapita wananitazama mimi badala ya maji. Binti alikuja akasimama mbele yangu.

"Tata, anauliza amekukosea nini."

"Mwambie hajakosa."

"Anasema wewe ulikuja ukaona nyumba yetu ni ndogo, ukaidharau. Anasema tajiri kama wewe hawezi kuketi kwa fundi."

"Si umweleze chinsoni?"

"Nimeeleza. Anasema baba yake mwenyewe anaoga naye baharini. Anasema ni kisingizio." Akageuka kumtazama mumewe majini. "Nami siku nyingine nafikiri hivyo."

Mimi nimetukanwa na polisi wa barabarani na madereva wa malori. Hakuna tusi lililonifuata kama hilo. Lilipanda nami ndege hadi nyumbani. Safari ya tatu ikawa ya benchi na hoteli tena.

Mwaka huu binti akajifungua mtoto wa kiume. Akanipigia, sauti yake ya kawaida kabisa, hiyo ndiyo iliyoniogopesha.

"Tata, mtoto hatashushwa kwenye benchi. Ukitaka kumwona, utapanda ngazi, utalala kwetu. Kama ni hoteli, heri ubaki Kisii. Sitakasirika. Lakini sitakuja tena kukuletea chakula bandarini kama mgonjwa."

Wiki hiyo sikukaa mahali pamoja. Nilikwenda Masimba kukagua lori lisilo na shida. Nilikwenda Marani nikagombana na mtu juu ya ndizi ambazo zilikuwa nzuri. Mke wangu, ambaye alikuwa amekwenda kumsaidia binti mwezi wa kwanza wa mtoto na kulala huko vizuri tu, alinitazama nikizunguka uwanja.

"Utachimba mtaro hapo," akasema. "Nenda kwa dada yako. Nyinyi kwenu yeye ndiye aliyebaki anayejua mila."

Dada yangu aliolewa Nyamira. Nilimkuta katikati ya majani chai, kikapu mgongoni. Hakuacha kuchuma. Nilimweleza yote nikimfuata mstari hadi mstari, viatu vyangu vya ngozi vimelowa umande.

"Hiyo nyumba aliijenga yeye?" akauliza.

"Wanapanga."

"Ya nani?"

"Ya bibi mmoja kizee wa huko."

"Boma je?"

"Hakuna boma, dada. Ni ghorofa. Chini kuna duka la mikate."

Akachuma, akachuma. "Wewe una vyumba vya kupangisha mjini. Mpangaji wako akitembelewa na baba mkwe wake, unamfukuza huyo mzee?"

"Namfukuzia nini? Mjini ni mjini."

"Kumbe unajua. Mwiko ni wa boma la mkwe, si wa nyumba ya kupanga." Akatupa majani nyuma kwenye kikapu bila kutazama. "Mtu mzima unazurura kando ya maji kama bata, mtoto wetu analia. Nenda. Na huyo kijana avae nguo."

Nilimpigia binti palepale shambani. "Nitapanda. Lakini mkwe avae."

"Avae nini, Tata?"

"Avae tu!"

Nikaenda. Sikushuka Marseille, ingawa treni ilisimama na miguu yangu ilitaka. Zile ngazi nilizipanda polepole, na kila ghorofa nilisimama nikajifanya napumzika. Nikabisha. Mlango ukafunguliwa.

Mkwe wangu alikuwa amevaa suti nyeusi. Koti, tai, vifungo vyote hadi cha mwisho, na viatu vya kanisani. Agosti. Jasho lilikuwa linamtiririka kutoka masikioni hadi kwenye kola. Hakunigusa. Alinyoosha mikono yote miwili, na katikati yake kulikuwa na mtoto, naye kavaa nepi tu. Nilimpokea. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na alinikojolea hapohapo mlangoni, kabla sijavuka kizingiti. Kwetu hiyo ni baraka. Nikavuka.

Nilikaa siku nne. Kulikuwa na dirisha linalotazama bahari, na niliitazama kwa uso. Mkwe alikuwa akitoka kazini anaoga, anavaa tena ile suti, ndipo anakuja mezani.

"Mwambie afungue hata tai," nilimwambia binti siku ya pili. "Atakufa."

Akamwambia. Yule kijana akatikisa kichwa akasema maneno marefu.

"Anasema hapana," binti akasema, na nikaona anabana kicheko. "Anasema safari ya kwanza aliona mgongo wako ukishuka ngazi. Hataki kuuona tena."

Safari hiyo sikuona mji mwingine wowote. Walinisindikiza kituoni, yeye na suti yake, na jua limesimama utosini. Nikapata kiti cha dirishani. Treni ilipoanza kusogea, kabla haijamaliza jukwaa, nilimwona amelitoa koti, tai imeshafika chini, sasa anahangaika na vifungo vya shati. Nikageuza uso haraka upande wa pili. Huko hakukuwa na kitu cha kutazama ila ukuta, nami nikautazama hadi kituo kikaisha.