Mjukuu Kwenye Kifua cha Kinubi

Fundi cherehani hakuwa mtu wa kukaa akatulia kwenye shughuli za watu, lakini siku ile alizidi. Alihama kiti, akarudi, akainuka tena. Binti yake, aliyemwalika ng'ambo aje amwone mjukuu, alimvuta upindo wa gauni.

"Mama, umekalia upupu? Watu wametoka mbali kuja kusikiliza vinubi, wewe unahangaika na viti."

"Nanyoosha mgongo, mwanangu."

Mgongo haukuwa na neno. Lililomkosesha raha lilikuwa limelala kifuani kwa binti: mjukuu wake wa kiume, ndiyo kwanza amejua kukaa. Ukumbi ulikuwa unavuma. Vinubi vikubwa kwa vidogo vilipigwa kwa pamoja, watu wakipiga makofi na kugonga sakafu kwa visigino, na mtoto amelala fofofo.

"Unamwona mumeo alivyo mpole?" binti alisema. "Hana habari na kelele."

"Mume gani huyu, hata kuamka anisalimie hataki," mama akajibu, akicheka kwa meno tu.

Kwenye kibanda chake cha kushonea, wateja walikuja na watoto wachanga migongoni. Mkasi ukianguka, mtoto hushtuka, mikono juu. Huyu, tangu bibi afike, hajashtuka hata mara moja. Juzi bibi aliangusha sufuria nyuma yake kwa makusudi. Mtoto akaendelea kunyonya kidole. Bibi alitaka kusema, akameza maneno. Mzazi haoni, mgeni ndiye aone? Ataambiwa amebeba mkosi kwenye begi. Lakini kunyamaza nako kulimchoma: mtoto akichelewa kwa daktari, na maneno yatamchelewa.

Wimbo ulipokwisha, mpiga kinubi mmoja, mama mnene mcheshi, aliwaita watoto kwa mkono waje waguse ala yake. Mjukuu alikuwa ameamka. Bibi akamtwaa kabla binti hajasema lolote, akamsimamisha, tumbo na viganja vikiegemea kifua cha kinubi, lile sanduku la mbao linaloshika nyuzi. Yule mama akapiga nyuzi nene.

Mtoto akakodoa macho. Akacheka mpaka tumbo likatikisika, akaubandika uso wake kwenye ubao.

"Mwone msanii," binti akasema. "Si unaona anavyopenda muziki?"

Bibi akamwondoa ubaoni, shubiri moja tu. Mpigaji hakuacha, nyuzi zililia vilevile. Uso wa mtoto ukazimika. Akatazama huku na huku, akaanza kulia. Bibi akamrudisha, mtoto akacheka. Akamwondoa, akalia.

Binti akaacha kutabasamu. Akazunguka nyuma ya mwanawe, akamwita jina, kwanza polepole, kisha kwa sauti iliyowageuza watu wa safu ya mbele. Waligeuka wote. Mtoto hakugeuka.

"Ulikuwa unajua," binti alisema.

"Nilikuwa nahofia. Kujua ni kwa daktari."

"Ukanyamaza."

"Niliogopa utaniambia nirudi kwangu nikashone."

Binti alimchukua mwanawe, akamwegemeza tena ubaoni, akaketi sakafuni kando yake, akampigia mumewe simu. Hata salamu hakumpa.

"Kesho omba ruhusa kazini. Tunampeleka mtoto akapimwe masikio."

Fundi alibaki amesimama nyuma yao, hajui mikono aiweke wapi.