Siku Nne Ambazo Khamala Hakuwepo

Mwaka 1974, Khamala, fundi wa mawe aliyepanga chumba mtaa wa Laini Saba, kando ya reli, alianguka kutoka kwenye jukwaa la miti akijenga nyumba za kupangisha za Mzee Naftaly kule Kawangware. Akalala hospitalini siku nne bila fahamu. Alipofumbua macho, mkewe Nekoye alikuwa kando ya kitanda, na Naftaly amesimama nyuma yake, kofia mkononi.

"Uliona nini, fundi?" Naftaly akauliza. Hata pole hakusema.

Khamala hakuona kitu. Hata giza hakuliona. Mti ulivunjika chini ya mguu wake, na papo hapo akamsikia Nekoye akimwita. Katikati hapakuwa na hata dakika moja.

Nyumbani jambo hilo lilimkosesha raha. Treni zilikuwa zimepita, mvua imenyesha, Nekoye amekwenda sokoni na kurudi. Yeye alikuwa wapi? Na kabla mbingu na nchi hazijaumbwa, nani alijua kwamba hakuna kitu? Akaanza kujishuku hata mwenyewe. Akamuuliza mkewe kama aliyeamka ndiye yuleyule aliyeanguka.

"Baba Sella, unakoroma vilevile," Nekoye akamjibu. "Ni wewe."

Naftaly naye hakumpa nafasi. Alikuwa mzee wa kanisa, na kila wiki alifika Laini Saba na unga na sukari, akimsihi aje atoe ushuhuda. "Sema tu ulichokiona huko." Khamala akazidi kumtilia shaka. Alikuwa amemwambia mapema kwamba miti ya jukwaa imeliwa na mchwa, Naftaly akasema itashika wiki moja zaidi. Mtu akishasimama kanisani akasema alionyeshwa mbinguni, nani atauliza tena habari ya miti mibovu?

Akakubali kwenda, ila na lake moyoni. Jumapili ile akasimama mbele ya watu.

"Jukwaa lilivunjika kwa sababu miti ilikuwa mibovu, na mwenye ploti alijua," akasema. "Huko nilikokuwa sikuona chochote. Sitawadanganya."

Mchungaji akaanzisha wimbo haraka haraka.

Naftaly akamfuata nje. Khamala akajiweka tayari kwa ugomvi.

"Ya miti ni kweli," mzee akasema. "Nimekosa, na nitawaambia mwenyewe. Lakini hata sauti hukusikia? Mke wangu Wagaki alilala hivyo siku tisa kabla hajafariki. Nilikaa pale nikiongea naye. Nataka kujua kama alinisikia."

Khamala akamkazia macho, akitafuta ujanja usoni mwake. Hakuuona, na bado hakuridhika.

"Mimi sikusikia," akasema mwishowe. "Lakini Nekoye anasema alipotaja jina la mtoto wetu Sella, nilikunja vidole. Sijui ni nani aliyevikunja."

Naftaly akaketi kwenye ukuta mfupi wa kanisa, akafunika uso kwa kofia. Khamala akasita, kisha akaketi naye.

Baada ya miezi miwili alirudi kazini, akakuta miti mipya. Naftaly akawa anakuja saa ya chai, wanabishana juu ya roho na fahamu, na kama mtu huanza kuwepo kabla hajajijua. Khamala aliyapenda mabishano yale kuliko alivyokubali kusema. Ila mpaka nyumba zile zinaezekwa, hakuacha kujiuliza mzee yule alikuwa akitafuta nini kwake.