Ng'ombe wa Mahari Yangu na Cheo cha Mume Wangu

Msomaji wetu ameomba jina lake lisionekane. Maneno ni yake mwenyewe.

Mwenye ukurasa, shikamoo. Nifichie jina kweli kweli, maana gazeti hili likishushwa stesheni ya Dodoma husomewa hata wasiojua kusoma, na mume wangu ni mmoja wao.

Nina miaka ishirini na minne, kwa hesabu ya mama yangu anayehesabu mvua. Mimi ni Mgogo wa Zuzu, nilisoma kidogo kwa wamisionari. Mume wangu ni shaushi, yaani sajini, katika jeshi la Wadachi, hao Wajerumani, hapa bomani. Mwezi ujao wanakuja mabwana kwa gari moshi kuwahoji mashaushi na kumchagua mmoja awe efendi, yaani afisa mweusi wa kuwaamuru wenzake. Mume wangu anakitaka cheo hicho mpaka anakiota. Simlaumu. Shaushi akikosea hulazwa chini akachapwa kiboko mbele ya askari walio chini yake, efendi hachapwi. Mgongo wake naupaka mafuta mimi, naujua.

Basi tunajiandaa. Kila jioni navaa kofia yake, nakaa kwenye kigoda, mimi ndiye bwana mkubwa. Yeye anasimama wima kama mchi. Namuuliza habari za bunduki, za posho, za askari aliyetoroka. Akirefusha maneno namkatiza, "Fupisha, shaushi!" naye anajikaza asicheke. Mwanzoni majirani walikuwa wanatuchungulia.

Juzi akaniambia kuna swali moja mabwana hawaliachi, akanifundisha. Nikakunja uso nikamuuliza, "Jeshi halina nyama. Ukitumwa kuchukua ng'ombe kwa wakwe zako, utakwenda?"

"Nitakwenda, bwana mkubwa. Nawajua wote kwa rangi. Hata waliotawanywa kwa marafiki, najua wako zizi la nani."

Nikavua kofia. "Baba watoto, hilo si jibu la kujifunza tu?"

Akaichukua kofia mkononi mwangu. Kisha akasema, "Zuzu ndiyo inayofuata kutolewa ng'ombe. Atakayechaguliwa ndiye atakayepelekwa."

"Wale ni ng'ombe wa mahari yangu."

"Najua, mama. Si niliwaswaga mwenyewe?"

Jamani, nililia mbele yake bila aibu. Huyu mtu, kwa heshima ya ukwe, hajawahi kuingia zizi la baba bila kuitwa. Akikutana na mama yangu njiani humpisha mpaka anajichoma miiba. Leo ndiye atakayekwenda na bunduki kulifungua zizi hilo, na mvua mwaka huu zimetunyima. Hao ng'ombe ndio chakula walichobaki nacho wadogo zangu.

Nikipeleka habari Zuzu wawahamishe, itajulikana siri imetoka nyumba gani, na kiboko kitarudi mgongoni kwa mume wangu. Nikimfundisha majibu mabaya ili akose, atachaguliwa mwingine na amri itakuwa ileile. Ila huyo mwingine hawajui ng'ombe wetu kwa rangi, pengine wangesalia wawili watatu. Nimelifikiria hilo mpaka kichwa kinaniuma, kisha nikipaka mafuta ule mgongo nashindwa.

Kwetu ng'ombe wa mahari wakirudi kwa mume, binti naye hurudi kwa baba yake. Sasa hawa watachukuliwa na mume mwenyewe, wakaliwe na jeshi. Baba atataka mtoto wake, mume hataniachia. Sijui nitakuwa wa nani.

Ninapoandika haya ameshakiweka kigoda uani, na kofia juu yake. Ananiita. Anasema tuanze na lile swali la wakwe, maana hapo ndipo hababaiki hata kidogo. Ndugu zangu mnaosoma, nishaurini, niende nikamuulize tena?