Alamu ya Nyumba Yenye Wageni

Nakumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, asubuhi ile fundi wa alamu alipokuja nyumbani kwetu Kensington, hapa Johannesburg. Usicheke. Harusini nilifunikwa ushungi, nikakalishwa chini, sikuona kitu. Asubuhi ya fundi niliona yote, maana nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi, nikimsikiliza mume wangu akimfukuza mgeni bila kujua kwamba anamfukuza.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi umenitumia picha za alamu kwenye simu, ukaniuliza, "Mama, nichukue ipi?" Umepata nyumba, hongera. Una mke, una watoto, na mfuko wako bado mwembamba. Swali lako ni la mtu mwenye akili. Ila kwenye picha zile niliona vidude vyeupe tu na taa zake, sikuona nyumba yako wala watu watakaolala ndani. Ndiyo maana sijakujibu mpaka leo, na wewe umeshaanza kuninunia.

Sisi tulitoka mtaa wa Berea, kwenye fleti ya kugawana kwa mapazia, tukapata nyumba ya kupanga huku Kensington. Nyumba ya zamani, paa la bati, baraza mbele, na chumba cha nyuma nilichokifanya cha cherehani. Tukajiona tumefika. Siku ya Idi tukaenda kuswali, kurudi mlango wa jikoni umelala chini. Wamebeba mashine yangu ya overloki, ile ya kufunga kingo za nguo, wamebeba vitambaa vya wateja, wamebeba na sufuria ya pilau pamoja na pilau lenyewe. Hilo la pilau linaniuma mpaka kesho.

Mashine inanunuliwa nyingine. Kilichotutoa raha ni Rukia, binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa mdogo. Alianza kukataa kwenda chooni peke yake hata mchana kweupe. Akisikia geti limegonga, anakimbilia magotini kwangu. Baba yake, Hamisi, alikuwa akimtazama tu, halafu anainuka kwenda kukagua makomeo ambayo ameshayakagua. Mwanamume asiyeweza kumtoa mwanawe hofu anaumia, asikudanganye mtu.

Basi Hamisi akaenda mjini kwenye maduka ya jumla, akarudi na boksi. Muuzaji alikuwa amemsifia: rahisi, inatosha nyumba nzima, unabandika macho yake kwenye pembe za vyumba, na chochote kitakachotembea ndani, king'ora kinalia. Hamisi akalifurahia boksi lile kama mtoto wa Idi. Akamwita fundi aje kufunga, mtu mmoja wa Lubumbashi tuliyemwita Papa Kalala, mpole, mwenye ngazi ndefu kuliko korido yetu.

Sasa elewa nyumba yetu ilivyokuwa. Sebuleni magodoro yalisimamishwa ukutani mchana, usiku yakalazwa. Kila aliyefika kutoka Tanga au Pangani akiwa na anwani mkononi na hana pa kulala, alilala pale mpaka apate pake. Wakati huo alikuwepo Mwanahawa, binti wa Pangani, mjamzito wa kukaribia kujifungua. Mumewe alikuwa kibaruani mbali, kwenye mashamba ya Limpopo. Alikuwapo pia Shangazi Mwantumu, shangazi yake Hamisi, tuliyeishi naye. Huyo aliamka kabla ya kila mtu, akapita korido nzima kwenda kutawadha.

Papa Kalala alipanda ngazi, akatazama sebule, akauliza, "Na huku mu salon, nani analala?"

"Hapa halali mtu," Hamisi akajibu. "Alamu ikishafungwa, sebule ni sebule. Wageni watatafuta pengine."

Mwanahawa alikuwa palepale, anakunja shuka lake. Alimaliza kulikunja, akalikunjua, akaanza kulikunja tena. Mimi moyo ulinipasuka, mwanangu, kwa sababu nilijua pengine penyewe ni wapi: kitanda cha kupokezana Berea, ghorofa ya juu, lifti imekufa, na mimba ile.

Shangazi alikuwa amekaa anachagua mchele. Hakupandisha sauti, wala hakuinua macho kwenye ungo.

"Hamisi, ulipofika Johannesburg ulilala wapi?"

"Kwako, Shangazi."

"Kwangu wapi?"

"Sakafuni."

"Sakafuni wapi?"

Hamisi akajikuna shingo. "Kati ya kitanda chako na jiko."

"Basi mwambie fundi aweke jicho kati ya kitanda na jiko, tuone ungeamkia wapi." Hapo ndipo alipoinua macho. "Hiyo alamu yako haimjui mwizi. Inamjua anayetembea tu. Na humu ndani wanaotembea ni sisi. Umenunua kitu cha kutulinda na wezi, au cha kuwalinda wezi na sisi?"

Papa Kalala alicheka mpaka ngazi ikatikisika. "Mama anasema kweli. Kama watu banalala mu salon, haya macho itakuwa inalia usiku muzima. Kisha mutachoka, mutaizima. Nimeona vile mu manyumba mingi."

Hamisi hakucheka. Aliketi kwenye mkono wa kochi, na sauti yake ikawa ndogo. "Shangazi, mimi naogopa. Rukia haendi chooni."

Hapo Shangazi aliweka ungo chini. "Najua, baba. Hata mimi naogopa. Ndiyo maana nataka kitu kitakachowashwa kila usiku, si kitu kitakachozimwa kila usiku."

Sijasahau alivyosema lile "baba". Nilikuwa nimemwona mkali, kumbe alikuwa akitafuta mahali pa sote kulala kwa amani.

Akainuka, akatuongoza kuzunguka nyumba kwa mwendo wake wa magoti mabovu. Yeye hakujua lolote la umeme, alijua watu wake tu. Kila mlango aliuliza nani anaupita na saa ngapi. Boksi likarudishwa dukani, na muuzaji akatununia sana. Tukanunua nyingine, si ya fahari, ila ilikuwa na vipande vidogo vya sumaku vya kubandika milangoni na madirishani. Mlango ukifunguliwa, king'ora kinalia. Lakini wewe wa ndani unatembea utakavyo, ukatawadhe, ukanywe maji, ukajigeuze godoroni. Jicho la kuhisi mwendo tuliweka moja tu, chumba cha cherehani, kwa sababu kikifungwa usiku hakiingii mtu. Vipande vya madirisha ya mbele, yenye grili imara, tuliviacha kwanza tukaongeza baadaye tulipojaliwa. Papa Kalala akasisitiza betri, maana umeme wa mji huu hata enzi zile ulikuwa na visa, nyaya zikiibwa mtaa mzima unakaa giza, na mwizi giza ndilo analolipenda.

Palikuwa pia na rimoti yenye kitufe chekundu cha dharura. Hamisi alitaka kikae chumbani kwetu. Shangazi akasema, "Kikae kwa Mwanahawa. Ndiye anayelala karibu na mlango, na ndiye anayebaki nyumbani mchana."

Nilidhani tumemaliza. Kumbe Shangazi alikuwa bado. "Hivi ving'ora navisikia vinalia humu mtaani kila siku," akaniambia, "na sijamwona mtu hata mmoja akichungulia. Chetu kitalia nani aje?" Kampuni ya walinzi wenye bunduki, wale wanaokuja ukiwalipa kila mwezi, hatukuiweza wakati ule. Basi alinipikisha vitumbua, akapanga kwenye sahani, akanivuta mkono. Jirani wa kulia alikuwa mama wa Kizulu, mtaa mzima ulimwita Gogo, yaani bibi. Wa kushoto alikuwa mzee wa Kireno mkimya, mpenda bustani. Tulikaa miezi yote ile bila kujua hata majina yao, tunafunga mageti na kufungua. Kwetu mtu akihamia mtaani sahani inatangulia, lakini hapa tulikuwa tumejifunza kuogopana. Shangazi hakuwa na Kizulu, Kireno wala Kiingereza cha maana. Alitoa sahani, akaonyesha nyumba yetu, akaiga mlio wa king'ora kwa mdomo wake, akaonyesha kidole kwao, halafu kwetu. Gogo alicheka akamshika mikono yote miwili. Sahani zilirudi na vitu vyake.

Wiki kadhaa baadaye, mchana, nilikuwa nimekwenda mjini kutafuta zipu. Hamisi yuko kwenye biashara, Shangazi kampeleka Rukia madrasa. Niliposhuka kwenye teksi nikakisikia king'ora tangu kona ya barabara, nikajua ni chetu. Nilikimbia, mwanangu, viatu nikaviacha njiani. Nikakuta geti wazi, mlango wazi. Na barazani kakaa yule mzee wa Kireno, reki ya bustani mapajani kama askari wa lindo.

"Mwanahawa!" nikapiga kelele. "Mwanahawa yuko wapi?"

Aliinuka akanishika bega. Kiingereza chake kilikuwa kama changu tu, cha kuokoteza. "Mtoto," akaniambia, akichora tumbo hewani. "Mtoto anakuja! Gogo, gari, hospitali!"

Baadaye Mwanahawa mwenyewe alinisimulia. Uchungu ulimkamata ghafla, hana salio kwenye simu, hawezi kusimama. Akabonyeza kitufe. Haikupita muda Gogo kaingia na fimbo, mzee wa Kireno nyuma yake na reki. "Hawu! Mwizi yuko wapi?" Mwanahawa hakuweza hata kujibu, alishika tumbo. Gogo akatupa fimbo, akamtia kwenye gari lake kuukuu, akapiga honi kila robot, taa za barabarani, mpaka hospitalini. Mzee wa Kireno hakujua kuzima king'ora, wala hakutaka kuacha nyumba ya watu wazi. Kwa hiyo alikaa pale na kelele zote zile masikioni, analinda cherehani zangu. Nilimwambia asante nikilia na kucheka pamoja.

Akazaliwa mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti iliyoshinda king'ora. Waliporudi, Hamisi aliwapa mama na mtoto chumba chetu, na godoro la sebuleni akalitandika mwenyewe akalala. Rukia akalala ubavuni kwake. Asubuhi alikwenda chooni peke yake, akarudi akaomba chai. Hamisi alinitazama, macho yamemjaa, na sote tukajifanya tunatafuta sukari.

Basi, mwanangu, jibu lako ni hili. Usianze na picha. Anza kwa kuizunguka nyumba yako mchana, na mkeo pembeni, mjue nani analala wapi na nani anaamka saa ngapi, kisha mjiulize mwizi angeingilia wapi. Chukueni alamu ya milango na madirisha ambayo mtaiwasha hata mkiwa ndani, yenye betri itakayohimili siku hizi za kukatiwa umeme kwa zamu, na ambayo mnaweza kuiongezea kipande mkijaliwa. Rahisi isiyowashwa ni ghali. Usitie saini mkataba mrefu wa kulipia kila mwezi kwa sababu tu kijana wa duka ana meno mazuri. Mfundishe kila mtu wa ndani kitufe kilipo, mgeni na mtoto pia. Na kabla fundi hajashuka kwenye ngazi, mkeo awe ameshachukua sahani kwenda kwa jirani. Akisema hawajui, mwambie ndiyo sababu ya kwenda.

Mungu aibariki nyumba yako, mwanangu. Awape usingizi mzito na asubuhi zenye kelele za watoto. Mikono yenu isikose cha kutoa, milango yenu isikose wa kuigonga kwa heri. Na siku atakapogonga mtu aliyechoka, amebeba begi na jina lako kwenye karatasi, usimuulize kwanza atakaa mpaka lini. Zima alamu, mfungulie.