Fimbo ya Sebagabo na Askari wa Miavuli

Saa mbili asubuhi, Sebagabo anachomeka fimbo ardhini, kisha anaichomoa.

"Kumi na tisa," anasema.

Nyuma yake, Sajini Ramathan wa kitengo cha upelelezi, kutoka kambi ya jeshi Mbarara, anaandika kwenye daftari, kisha anasimika kijiti chenye kitambaa chekundu.

Ni kichuguu cha kumi na tisa kilichofichwa na nyasi kavu. Ijumaa ijayo askari wa miavuli watashuka hapa kwa mazoezi, nje kidogo ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Kabla hawajaruka, kitengo cha Ramathan lazima kijue ardhi itakayowapokea.

"Ramani iko, mzee," anasema Ramathan. "Lakini ramani haina miguu. Mwaka jana kijana yetu alivunjika mguu juu ya kichuguu kama hii."

"Basi muruke na ng'ombe. Yeye anajua fasi ya kukanyaga."

Sajini anacheka hadi kalamu inamdondoka.

Sebagabo, 58, ni mkimbizi kutoka Kivu Kusini, Kongo. Anaishi katika kijiji cha Kashojwa, ndani ya makazi hayo, na mkewe, Nyirabizimana. Amechunga uwanda huu miaka kumi na miwili, na sasa ana ng'ombe tisa. Ndiyo maana aliitwa.

Lakini daftari linamchanganya.

"Mwaka wa 1996, kule kwetu, mtu alikuja na daftari," anasimulia taratibu. "Akauliza njia ya maji. Nikamuonyesha. Kisha siku mbili, bunduki zikapita mu njia ile ile. Mpaka leo sijuwe: alikuwa mupelelezi, ao alikuwa na kiu tu?"

Kimebaki kipande kimoja cha kukagua, upande wa bwawa. Ni tambarare, kikavu, hakina kichuguu hata kimoja. Pia ndipo pekee palipobaki nyasi za kulishia ng'ombe kiangazi hiki. Akikisifu, huenda jeshi likakipenda na kukichukua kabisa. Akikinyamazia, vijana watashuka penye vichuguu.

"Na ile ya pale, mzee?"

"Ile tutaikanyaga kesho."

"Kwani huijui?"

"Ninaijua, mwanangu. Kama niseme, hapo ndipo sijuwe."

Jana Nyirabizimana alimwambia, "Mtoto wa mtu asivunjike juu ya nyasi yetu. Sema kweli, kisha uombe."

Sebagabo bado analigeuza neno hilo kichwani. Kesho, anasema, ataonyesha kipande cha bwawa, ila kwa sharti moja.

"Sajini aandike na ng'ombe zangu mu daftari ile ile: tisa, zinarudi hapa Jumamosi."

Anaichomeka fimbo yake mpakani mwa kile kipande, anaiacha imesimama, na kuelekea nyumbani mikono mitupu.