Mapipa Niliyosema ni Salama

Kabla sijaugua nilikuwa mtu wa kujiona. Miaka ya sabini nilirudi Oman kutoka Unguja, nikapata kazi ghala la kilimo hapa Ibra kwa sababu moja tu: watu waliamini kila aliyetoka Zanzibar anajua Kiingereza. Mimi skuli niliacha darasa la tatu. Nikanyamaza, nikapokea kazi.

Mapipa matupu ya dawa yakirundikana, mkuu wa ghala akiniita. "Ya Nasor, wewe umesoma. Lipi tufukie, lipi tuwape watu?" Nikiziangalia karatasi zilizobandikwa, nikitikisa kichwa kama anayesoma, kisha nalinusa pipa. Pipa lisilonuka nasema salama. Mawili nilichukua mwenyewe, nikayasugua kwa mchanga na sabuni: moja la maji ya kunywa kwangu, moja nikampelekea shangazi yangu Zuwena, aliyenilea.

Kesho yake, baada ya kunywa maji yale, jasho lilinitoka, mate yakanichuruzika, nikatapika na kuharisha palepale nilipolala. Misuli ikinichezacheza. Jirani akanipakia kwenye pikapu mpaka hospitali.

Daktari akanimulika macho. "Mboni zimekuwa kama tundu za sindano. Umeshika dawa ya wadudu?"

"La."

Akauliza tena, nikasema la, na nguo zangu zimechafuka mbele yake. Niliona bora nife kuliko kujulikana.

Kisha nikamkumbuka shangazi. Nikalia. "Nilitia maji kwenye pipa la dawa ya mitende. Jingine liko kwa shangazi yangu. Sijui kusoma Kiingereza, daktari."

Akanichoma sindano, akatuma gari. Shangazi alikuwa ameteka maji ya falaji, mfereji wa mtaani, asubuhi ile, ameyatia pipani na kuyaacha yatuame. Hajayagusa. Mapipa mengine yalikusanywa nyumba kwa nyumba, na kila mlango jina langu likitajwa.

Shangazi alipokuja kunitazama nilishindwa kumwangalia. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Mimi sijui hata alifu, na sijaona haya siku hata moja. Wewe ulikuwa unamwonea haya nani?"



Alhamdulillahi, nilipona, nikarudi ghalani kufagia. Wewe unayeshughulika na takataka za kazini, usiiamini pua yako. Pipa lililobeba dawa usilitie maji ya kunywa hata ukilisugua wiki nzima, na usichoweza kukisoma mpe anayeweza.

Shangazi aliendelea kunipa barua zake za Kiswahili kutoka Unguja nimsomee, mpaka alipofariki. Nikikwama nikimwambia, "Neno hili silijui."

Naye akisema, "Basi tukaulize."